Bi Koki na Gari Lililokwisha Kufa

Hasira hasara, walimwambia Bi Koki tangu akiwa msichana. Yeye aliwajibu kwamba hasara zote alizowahi kupata alizipata siku alizokuwa mpole.

Jina hilo alipewa kazini, likaganda. Alikuwa fundi wa pampu za visima, zile za mkono zinazofungwa vijijini, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akipanda milima iliyo nyuma ya mji na mabomba yake, vyuma vyake na sanduku la spana. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye viganja vigumu kama soli ya kiatu. Mwenzake wa kazi alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Mzee Kamba, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika kamba wakati bomba linavutwa kutoka kisimani. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na minne, wakigombana kila siku bila kukosana hata siku moja.

Mwaka mmoja kabla ya mambo haya, gari lao la kazi lilianguka. Ukingo wa barabara ulikuwa umelainishwa na mvua, ukakatika chini ya gurudumu, gari likabiringika mara mbili mpaka kwenye mawe ya bondeni. Bi Koki alitoka na mkwaruzo kwenye paji la uso. Mzee Kamba alivunjika nyonga. Gari lenyewe lilipinda chesisi, yale mapande mawili marefu ya chuma yanayobeba injini na bodi, likawa limejikunja kama mtu mwenye kichomi.

Fundi yeyote mwenye haya anajua kwamba gari likipinda hapo haliponi. Unaweza kulinyoosha likapendeza machoni, lakini iko siku, kwenye mteremko, chuma kitakumbuka. Kwa hiyo Bi Koki alimwita shemeji yake, mume wa mdogo wake, ambaye kazi yake ilikuwa kunyoosha bodi za magari.

"Likate," alimwambia. "Injini uza, magurudumu uza, milango uza. Lakini chesisi kata vipande vipande, upeleke kwa wa vyuma chakavu. Sitaki mtu mwingine akae juu ya kitu hicho."

"Shemeji, hilo niachie mimi," alisema yule bwana, na akaapa kwa mama yake. Baada ya wiki moja alileta fedha. Zote zilikwenda kwenye nyonga ya Mzee Kamba.

Mwaka uliofuata Bi Koki aliufanya kwa miguu. Alipanda malori ya mawe yaliyomwacha njia panda, kisha akatembea na bomba begani, moja kwa safari, ilhali kisima kimoja kinataka mabomba manane. Kuna kijiji ambacho wanawake walichota maji kwenye dimbwi miezi miwili kwa kukosa mabomba matatu tu. Mwenyekiti wao alikuwa akimpigia simu kila Jumatatu, kwa adabu kabisa, na kumuuliza, "Bi Koki, unakuja lini?" Adabu ile ilimchoma kuliko matusi.

Hatimaye alipata kiasi cha kununulia gari la mtumba. Kilitosha gari lililochoka kidogo, hakikutosha gari ambalo halijachoka. Na kati ya lililochoka kidogo na lililochoka kabisa ndipo madalali wanapopata chakula chao. Alichotaka alikijua. Gari la kuvuta magurudumu yote manne, la dizeli, lenye gia ndogo ya kupandia milima, lenye chesisi ya chuma kizima, na lisilo na vitufe vingi vya umeme ambavyo vikifa mlimani hakuna wa kuvifufua.

"Twende wote," alisema shemeji yake. "Mwanamke akienda peke yake watamla nyama."

Bi Koki hakupenda, lakini mdogo wake alimsihi, naye akaona macho manne si mabaya.

Gari la kwanza lilikuwa la mwenye duka la dawa. Liling'aa, lilikuwa refu, lilibeba tairi mgongoni kama mtoto. Bi Koki alitandika gunia, akalala chini, akaingia mpaka kiunoni.

"Mwambie mama asijichafue," mwenye gari alimwambia shemeji. "Hili ni la milima, nembo hiyo hapo nyuma."

"Mama yuko hapa," sauti ilitoka chini ya gari. "Niambie mwenyewe. Na uniambie pia shafti ya kwenda magurudumu ya nyuma iko wapi, maana mimi siioni."

Haikuwepo. Gari lilivuta mbele tu, na ile nembo ilinunuliwa dukani, ikabandikwa kwa gundi.

Gari la pili, alipofungua kifuniko cha oili, ndani kulikuwa na povu jeupe kama maziwa ya chai. Mwenyewe akasema ni ubaridi wa asubuhi. Bi Koki akamwambia maji yameingia kwenye oili, injini hiyo inataka kupasuliwa, na kama ni ubaridi basi alivalishe sweta. La tatu mita yake ilisoma kilomita elfu sitini, lakini mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika mpaka chuma kinaonekana, na kiti cha dereva kilikuwa kimezama kama kitanda cha wageni.

"Elfu sitini," alisema Bi Koki. "Huyo dereva alikuwa anavaa kwato?"

Kila walipotoka mahali, shemeji yake alipumua kwa uchovu. "Shemeji, gari la mtumba ni kama mchumba wa ukubwani. Ukichunguza sana utalala peke yako."

"Kulala peke yangu nimeshazoea," alijibu. "Kubiringika ndiko sijazoea."

Wiki tatu zilikwisha hivyo. Kilichomuudhi zaidi hakikuwa uongo. Ni ule uvivu wa uongo wenyewe; walimdanganya kama mtu anayemrushia kuku punje, bila hata kumtazama. Walimtazama shemeji. Bei aliambiwa shemeji, ufunguo alipewa shemeji, naye Bi Koki akauchukua mkononi mwa shemeji bila kuomba.

Fundi wa pancha wa mtaani kwake alimwambia kuna yadi nyuma ya soko la mbao, ina magari ya milima matano au sita. Alipomtajia shemeji yake, yule bwana alitikisa kichwa haraka. "Yadi ile haina kitu. Nimeshapita." Siku ya pili alipoitaja tena, akasema yadi yenyewe inafungwa. Bi Koki hakuuliza mara ya tatu. Alhamisi asubuhi alivaa ovaroli yake, akachukua gunia na tochi, akaenda peke yake.

Yadi haikuwa imefungwa. Dalali, mtu wa viatu visafi na kijiti cha meno mdomoni, alimpokea kwa kutazama nyuma yake.

"Mzee yuko wapi?"

"Mzee gani?"

"Wa kununua."

Bi Koki alimpita. Ukutani, kando ya magari mengine, lilisimama gari moja la kijani kibichi, na mbele yake walisimama mume na mke waliokwisha kuzeeka. Mume alikuwa mwalimu mstaafu. Alikuwa bado ana chaki ya miaka mingi kwenye namna alivyosimama, mikono nyuma. Mkewe alishika mkoba kwa mikono miwili. Walikuwa wamekwisha kutoa malipo ya awali. Walimweleza Bi Koki kwamba wanahamia shambani kwao, juu kabisa, pamoja na wajukuu wanne waliokuwa wakiwalea.

"Lilikuwa la padri mmoja," dalali aliwarudia. "Jumapili tu."

Bi Koki hakuwa amekusudia kulichunguza gari lililokwisha kupata mnunuzi. Ilikuwa mazoea tu, kama mshonaji anavyotazama pindo la nguo ya mtu barabarani. Alitandika gunia, akalala, akawasha tochi. Chini kote kulikuwa kumepakwa lami nyeusi, mbichi bado. Hilo halikumpendeza. Akatoa ufunguo wa nyumba na kukwangua.

Chini ya lami kulikuwa na bamba dogo la chuma, limechomelewa pembeni mwa chesisi. Bi Koki alikuwa wa mkono wa kushoto. Mshono wake wa kuchomelea ulilala upande ambao mishono ya mafundi wengine hailali, kama nywele zilizochanwa kinyume. Bamba lile alilichomelea yeye, miaka minane iliyopita, ili kufungia ndoano za mabomba, huku Mzee Kamba akilishikilia kwa koleo na kulalamika kwamba cheche zinamuunguza. Ndoano zilikuwa zimekatwa. Mshono ulikuwepo.

Alisogeza tochi mbele kidogo, akapaona mahali penyewe, palipopinda. Palikuwa pamechomwa moto, pakapigwa nyundo, pakafunikwa bamba lingine juu. Namba ya chesisi ilikuwa imesagwa na kugongwa nyingine, tarakimu zimekaa shaghalabaghala kama meno ya mtoto. Juu ya yote hayo walikuwa wameweka bodi ya gari jingine.

Alitoka, akaifuta mikono yake kwenye ovaroli.

"Nani alileta gari hili?" aliuliza. Hakupaza sauti.

"Fundi wetu mmoja," dalali alisema. "Ana mkono wa dhahabu."

"Mwite. Mwambie kuna mteja ana swali."

Dalali alidhani anapata mteja wa pili, akapiga simu. Baada ya robo saa shemeji yake aliingia na pikipiki akitabasamu, akamwona Bi Koki, na tabasamu likabaki usoni peke yake, bila mwenyewe.

"Shemeji," alisema.

"Lala chini," Bi Koki alimwambia. "Tochi hii hapa. Uniambie ule mshono ni wa nani."

Hakulala. Alitazama viatu vyake, kisha akamtazama dalali.

"Kuna tatizo gani, mama?" aliuliza mwalimu mstaafu.

"Mwalimu, gari hili halikuwa la padri. Lilikuwa langu. Nilikuwa ndani yake likibiringika, na mwenzangu hadi leo anatembea na fimbo. Huyu bwana nilimpa alikate. Ni mume wa mdogo wangu."

Dalali alitema kijiti. "Mama, unaharibu biashara za watu. Magari yanafanana."

"Yanafanana, ndiyo. Kadi yangu ya zamani ninayo nyumbani, ina namba ya chesisi. Tuwaite polisi wasome namba iliyo hapo chini, watuambie kwa nini imesagwa."

"Nililinyoosha vizuri," shemeji alisema ghafla, karibu kwa kulia. "Shemeji, hukuliona baadaye. Nilipima."

"Ulipima kwa nini?"

Aligeuza uso kwenye pikipiki yake.

"Nakuuliza, ulipima kwa kifaa gani?"

"Kwa jicho."

"Kwa jicho," Bi Koki alirudia, na hapo ndipo sauti yake ilipopanda mpaka wauza mbao wa upande wa pili wakasimamisha misumeno. Alimwambia kwamba jicho hilo hilo lilimwona Mzee Kamba akibebwa juu ya mlango wa gari kama maiti. Alimwambia kwamba kwa wiki tatu alimzungusha mji mzima, akila chakula chake mchana na kumwita mchunguzi, kumbe anamlinda asifike hapa. Akamuuliza kama alikuwa amekwisha kuchagua wimbo wa kuimba kwenye mazishi ya mwalimu.

"Watoto wanataka ada," shemeji alisema.

"Na wajukuu wa mwalimu wanataka shingo zao."

Mke wa mwalimu alimgeukia dalali. "Mwanangu, nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini. Mtoto anayeficha kitu mgongoni namjua kwa mabega. Rudisha pesa yetu." Akanyoosha mkono na kuuacha hewani mpaka pesa zikawekwa juu yake, zote.

Bi Koki alitaka jambo moja tu zaidi. Gari likatwe leo, yeye akiwa amesimama. Dalali alitukana, akatisha, akamtajia watu wakubwa anaowajua. Kisha alifikiri habari ya kadi na ile namba, akamgeukia shemeji. "Hili ni lako. Litoe kwenye yadi yangu, na fedha niliyokupa utanirudishia."

Walilivuta mpaka karakana ya shemeji. Bi Koki hakumwachia mtu grenda. Alikata mwenyewe, tangu adhuhuri mpaka jua likalegea, akasimama tu kubadili jiwe la kukatia. Alikuwa amedhani hasira itatoka pamoja na cheche. Haikutoka. Vipande vilipokuwa vimelala sakafuni, kumi na kimoja, alihisi amechoka na bado amekasirika, na mtu akiwa na vyote viwili kwa pamoja hajui aketi wapi.

Kesho yake mdogo wake alikuja. Hakuketi hata alipopewa kiti.

"Umemvunjia mume wangu kazi, dada. Mtaa mzima unasema."

"Mtaa unasema alichokifanya."

"Alikosea. Sikatai. Lakini ni mtu wa nyumbani. Ungeweza kuniambia mimi kwanza, kabla ya kupiga kelele mbele ya wauza mbao."

"Na wale wazee wangeondoka na gari wakati nakutafuta wewe."

"Bado walikuwa na gari hilo ulipokwenda kulikata?" mdogo wake aliuliza. "Ulikuwa na mchana mzima. Hukunipigia hata simu."

Hilo lilimuudhi Bi Koki zaidi. Alisema maneno ambayo hakupaswa kuyasema, kuhusu mtu anayekula bila kuuliza chakula kimetoka wapi. Mdogo wake alitoka bila kuaga, akaacha lango wazi.

Bi Koki na mwalimu walikwenda polisi kuandikisha kesi ya yule dalali. Afisa aliandika kwa mwandiko mzuri, na baada ya wiki mbili wakaenda kuangalia yadi. Yadi ilikuwa tupu. Hata kibao kilikuwa kimeng'olewa. Mahali fulani, katika mji mwingine, yule bwana wa viatu visafi alikuwa anamwambia mtu habari za padri, na Bi Koki alipofikiri hivyo akiwa anakula, aliacha kula.

Gari alilipata kupitia kwa Mzee Kamba. Mzee alikumbuka mpima ardhi mmoja mstaafu aliyeishi nyuma ya shule ya wasichana, mtu mkali ambaye hakuna aliyempenda. Walimkuta amekaa kibarazani na redio. Gari lilikuwa chini ya bati, rangi ya vumbi, milango yote ina mabonde.

"Mmekuja kununua au kupiga porojo?" aliuliza.

"Kutazama."

"Basi sikilizeni kwanza. Gia ya pili haiingii mpaka uisubiri. Mlango wa nyuma kushoto unafunguka kwa ndani tu. Linakunywa oili, si sana, lakini linakunywa. Kiyoyozi hakuna, hakijawahi kuwepo. Redio niliitoa, ndiyo hii nasikiliza. Bei nimeshaiandika mlangoni na sipunguzi."

Bi Koki alimtazama kwa mara ya kwanza bila kukunja uso. "Chesisi?"

"Pima mwenyewe. Si fundi wewe?"

Mpima ardhi alileta futi yake ya chuma, ndefu, ya kazini, na wakapima pamoja, kutoka kona ya mbele kushoto mpaka ya nyuma kulia, kisha kinyume chake. Mpima alimkemea Bi Koki mara mbili kwamba futi imelegea. Vipimo vililingana, tofauti haikufika unene wa ukucha. Bi Koki akafungua kifuniko cha oili: safi. Akakwangua chini: kutu ya kawaida, ile ya juu juu, na hakuna lami. Akaliingiza kwenye mtaro nyuma ya nyumba, akaweka gia ndogo, gari likapanda upande wa pili polepole, likinguruma kama mzee anayeamka.

Kwenye bei waligombana karibu saa nzima. Yeye hakupunguza, Bi Koki hakuongeza, Mzee Kamba akasinzia. Mwishowe mpima ardhi aliongeza jeki na tairi mbili, akasema afanye haraka kabla hajabadili mawazo.

Safari ya kwanza walikwenda kwenye kile kijiji cha mwenyekiti mwenye adabu, na yale mabomba matatu yaliyokosekana juu ya gari. Mzee Kamba alikaa mbele, fimbo katikati ya magoti, na walipofika kwenye kona waliyoangukia alifumba macho. Bi Koki aliendesha taratibu, akiwa ameuma meno. Jioni maji yalitoka. Mwanamke mmoja alimwambia, "Umekawia," akaondoka na ndoo yake, na Bi Koki akaona ni haki yake kusema hivyo.

Aliporudi mjini kesho yake mchana, shemeji yake alikuwa amesimama langoni. Alikuwa amekonda. Siku hizi alifanya kazi kwa mtu, akichomelea nondo za madirisha.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Kwako, na kwa Mzee Kamba. Nilijua ninachofanya. Sitasema sikujua."

Bi Koki alizima injini. Hasira ilikuwa pale pale, haijapungua hata kidogo, ila sasa ilikuwa na mahali pa kukaa.

"Kwa Mzee Kamba nenda mwenyewe," alisema. "Mimi bado sijafika huko, shemeji. Nikifika nitakwambia."

Aliitikia kwa kichwa, akaondoka kwa miguu. Bi Koki aliteremsha vifaa vyake, akanawa mikono, akakaa ukingoni mwa kitanda na kumpigia mdogo wake kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Simu ilipokelewa. Kisha mdogo wake akauliza, kwa sauti kavu, kama hilo gari jipya lina breki nzuri, na Bi Koki akaanza kumweleza.